Demani Ikifika Pwani: Barua kutoka Muscat kwa Watu wa Kibarani



Huko kwenu Mombasa upepo wa kusi unapunguza makali. Agosti ikiisha demani huingia, bahari ikatulia, na aliyekuwa akijifunika shuka mbili usiku hubakisha moja. Huku Oman demani haipo. Lipo joto lenye unyevu linalomsubiri mtu mlangoni, hata miwani hufunga ukungu akitoka tu kwenye duka lenye kiyoyozi. Mji wa Qurayyat, ulio pwani upande wa kusini-mashariki ya Muscat, uliingia katika rekodi za dunia mwezi Juni 2018: usiku kucha joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6. Huo ni usiku. Mchana wake msiulize.

Barua hii imeandikwa na mtu wa Kibarani, ila habari zake si za mtu mmoja. Ni za walinzi wa madukani, wapishi wa mikahawa ya mtaa wa Ruwi, madereva, wauza nguo, na hasa dada zenu wa kazi za ndani, mnaowaita makadama. Wote walipita Kibarani siku ya safari, kwa kuwa anayetoka kisiwani kwenda uwanja wa ndege wa Moi njia yake kuu ndiyo hiyo. Waliosafiri zamani waliagwa na moshi wa jaa la taka. Waliosafiri baada ya jaa kufungwa mwaka 2018 waliagwa na miche ya miti. Na wa tangu 2022 wamevuka daraja jipya la Makupa, la mita 457, lililowekwa mahali pa tuta la mwaka 1929 ili maji yapate tena kupita chini. Wakikutana Ijumaa na kuanza kuisimulia Kibarani, kila mmoja hujulikana aliondoka lini kwa harufu anayoikumbuka.

Kilichomfanya mwandishi ashike kalamu ni picha. Kila Agosti simu za huko nyumbani hujaa milima ya kijani, maporomoko ya maji, ukungu mzito, na binti aliyevaa buibui ameshika dafu. Jamaa huuliza: si mlituambia huko ni jangwa?

Ni jangwa, na picha ni za kweli. Hapo ni Salalah, jimbo la Dhofar, kusini kabisa mwa Oman. Na kinachopafanya pawe kijani ni upepo wenu.

Kusi ikishapita Mombasa huvuka ikweta, hupinda kuelekea kaskazini-mashariki na kuambaa na pwani ya Dhofar. Hapo huyasukuma maji ya juu yaende mbali na ufuo, na maji baridi ya kilindini hupanda kushika nafasi yake. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji hayo hupoa ikawa ukungu, na ukungu hukwama kwenye milima ya Qara kwa sababu juu yake imetanda hewa moto ya jangwani inayouzuia kupanda. Basi hunyunya, miezi mitatu, tangu tarehe 21 Juni hadi 21 Septemba kwa hesabu ya serikali. Muscat ikichemka kwa nyuzi 40, Salalah huwa kwenye ishirini na kitu. Wenyewe huuita msimu huo kharif, na mwaka 2024 wageni waliokwenda kuufuata walizidi milioni moja. Wazee wa Mji wa Kale hawahitaji kufundishwa habari za upepo huo: majahazi ya Oman yaliondoka Mombasa kwa kusi hiyo hiyo, ama inapoanza ama inapolegea, kwani katikati yake, Juni na Julai, bahari ilikuwa haisafiriki.

Siku hizi wengi huenda Salalah kwa gari. Kutoka Muscat ni kama kilomita 1,000, kupitia Nizwa, Adam, Haima na Thumrait, na basi hula nusu siku nzima. Baada ya Adam haonekani ila mchanga, malori na kituo cha mafuta hapa na pale. Abiria hulala, huamka, hukuta nchi ni ile ile. Halafu baada ya Thumrait barabara huanza kuteremka, kioo cha mbele kikalowa, na ghafla kando ya njia kuna majani na ng'ombe wanakula. Ni hapo pia ambapo madereva hupata ajali, maana ukungu humficha hata ngamia aliyesimama katikati ya lami.

Mjini Salalah kuna vibanda vya madafu, ndizi na mapapai vilivyopangwa chini ya minazi, na mtu wa Mombasa akishuka hapo hudhani amevuka feri akafika Likoni. Huko Ittin nyama huchomwa juu ya mawe ya moto, na mishikaki huitwa kwa jina linalokaribiana sana na letu. Familia hutandika mikeka Wadi Darbat wakatazama maji yanavyoporomoka. Wengine hupanda mlimani kuzuru kaburi linalosemwa kuwa la Nabii Ayub. Na kule Mughsail mawimbi huingia chini ya mwamba yakarushwa juu kupitia matundu, watoto wakapiga kelele. Kuoga baharini msimu huo ni kujitafutia mauti. Na ubani mnaofukiza nyumbani, ule mzuri, hutoka nyuma ya milima hiyo, upande usiofikiwa na manyunyu. Mti wake haupendi kulowa. Misitu na njia za kale za biashara hiyo zimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000.

Sasa, nani huenda?

Muuza duka mwenye likizo huenda, akipewa likizo yake wakati huo. Sheria ya kazi ya mwaka 2023 inampa siku 30 kwa mwaka na inaweka kazi kuwa saa nane kwa siku. Kwenye karatasi ni sawa. Dukani zamu hukatwa vipande viwili: saa tatu asubuhi hadi saa saba, kisha saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku. Ukijumlisha ni saa nane kamili, hakuna wa kulalamika. Lakini yale mapumziko ya katikati hayatoshi kwenda popote, usingizi wa mchana chumbani na wenzako watano haulaliki, na siku imekwisha. Mwandishi amepitia zamu za namna hiyo na hadi leo hajui aziite kazi ya nusu siku au ya siku nzima.

Mafundi wa majengo wana kero yao. Oman inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, Juni mpaka Agosti. Saudia, Imarati na Qatar huendelea na marufuku kama hiyo hadi tarehe 15 Septemba. Huku hukoma Agosti inapoisha, na jua la tarehe 1 Septemba ni lile lile la jana yake. Wiki mbili hizo ndizo watu huzilaani kuliko Juni.

Hapa ni haki kusema jambo moja kwa niaba ya Muscat. Waomani wengi wenye asili ya Zanzibar na ya pwani yetu wanazungumza Kiswahili safi, na mgeni wa Mombasa huweza kuulizwa hali na bosi kwa lugha ya mama yake. Ni neema. Pia ni balaa ndogo, kwani huwezi kumsengenya bosi mbele yake kama wafanyavyo wenzako wa nchi nyingine.

Mwingine anayefika Salalah ni kadama. Yeye hupelekwa, tena mapema kuliko wote, kwa sababu familia ikienda mapumzikoni watoto huenda na mlezi wao. Lile dafu mkononi mwake amelipigia picha kati ya kupika na kufua, na aliyemshikia simu huenda ni mtoto anayemlea. Sheria ile ya 2023, yenye siku 30 na saa nane, haiwagusi wafanyakazi wa ndani. Wao wana kanuni zao za pembeni. Wapo waajiri waungwana, tena wengi, wanaompa siku yake na kumnunulia zawadi ya kupeleka nyumbani. Wapo pia wanaompokonya simu. Picha haiwezi kuwaonyesha nyinyi ni yupi kati ya hao anayelipia hoteli.

Na hii ndiyo haja ya barua. Riyali moja ni zaidi ya shilingi 300 za Kenya, na hesabu hiyo ikichanganywa na picha ya mlima wa kijani huwapandisha ndege mabinti wengi kuliko maneno ya ajenti yeyote. Kabla ya kumsindikiza mwingine, hakikisheni jina la ajenti limo katika orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Someni mkataba kabla ya tiketi kununuliwa: unataja mshahara gani, siku gani ya mapumziko, na nani atalipa nauli ya kurudi. Wekeni nakala ya pasipoti yake nyumbani, pamoja na namba ya ubalozi wa Kenya hapa Muscat. Na aliyekwisha kuja, akiwatumia picha ya Salalah, msimwombe nyingine. Mpigieni mzungumze, na mumuulize jana alilala saa ngapi.