KIPIMO KISICHOKATAA SI KIPIMO

Kila mkulima wa karafuu katika visiwa vyetu anajua kwamba mizani haiaminiwi kwa kung'aa kwake. Huaminiwa pale inapowekewa jiwe ambalo uzito wake unajulikana, ikasoma sawa; jiwe likaondolewa, mshale ukarudi kwenye sifuri; na zoezi hilo likarudiwa bila ya jibu kubadilika. Mizani inayosoma kilo 10 kila siku, iwekewe kitu isiwekewe, ni pambo la ghalani.

Tunaikumbusha kanuni hiyo kwa sababu mishahara, hati za ardhi na kumbukumbu za wagonjwa sasa zimo ndani ya kompyuta. Kila kompyuta ina mfumo wa uendeshaji, yaani programu kuu inayoamrisha vifaa vyake: betri, saa, diski, kioo na mtandao. Kwa kuwa mfumo huo hubadilishwa mara kwa mara, watengenezaji huandika programu nyingine za kuujaribu, zinazojiendesha usiku na mchana bila ya mkono wa mtu. Jambo hilo ni jema. Swali letu ni moja tu: nani aliyevipima vipimo hivyo?

Tarehe 19 Julai, 2024 dunia ililipa gharama ya swali hilo. Kampuni ya Marekani iitwayo CrowdStrike, yenye programu ya ulinzi ifanyayo kazi katika kiini cha mfumo wa Windows, ilipeleka faili jipya kwa wateja wake. Kompyuta zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, zilianguka. Safari za ndege zilifutwa na hospitali zikaahirisha huduma. Baadaye kampuni yenyewe ilieleza chanzo: kanuni mpya ilitangaza nafasi 21 za taarifa, ilhali programu ilikuwa ikitoa 20 tu. Majaribio yalikuwepo, tena yalifaulu. Lakini katika nafasi ya 21 iliwekwa alama ya kukubali kitu chochote, kwa hiyo upungufu huo haukuonekana hata mara moja.

Funzo la kwanza ni kwamba jaribio lazima lithibitishwe kuwa linaweza kushindwa. Kitiwe kosa kwa makusudi. Jaribio lisipolikamata, halina thamani.

Funzo la pili ni ukweli wa hesabu. Katika majaribio ya kiini cha Linux, jaribio lililofaulu hurudisha namba 0, lililoshindwa namba 1, na lililorukwa, kwa mfano kwa kukosa kifaa kinachohusika, namba 4. Utaratibu huo ni wa haki. Anayehesabu kilichorukwa pamoja na kilichofaulu anadanganya umma.

Funzo la tatu ni subira yenye ushahidi. Tuchukue mfano wa kompyuta kulala na kuamka. Jaribio hutega kengele katika saa ya ndani, huilaza mashine, kisha kengele huiamsha. Jaribio dhaifu husubiri sekunde kadhaa za kubahatisha na kutangaza ushindi. Jaribio imara huuliza: je, ililala kweli? Saa imesonga mbele? Diski, kioo na mtandao vimeitika? Hungoja dalili, likiwa na ukomo wa muda, na hurudia mara nyingi kila mara likianzia hali ile ile. Jaribio linalofaulu leo na kushindwa kesho bila ya kitu kubadilika lichunguzwe. Kulirudia mpaka likubali ni sawa na kubadilisha mashahidi hadi apatikane wa kusema unachokitaka.

Wako watakaosema kwamba cheti cha mtengenezaji kinatosha. Wahenga walisema: mwamba ngoma huvutia kwake. Tena mtengenezaji hapimi mazingira yetu. Unguja ilikaa gizani takriban wiki nne katika mwaka 2008, na karibu miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, kwa hitilafu za umeme utokao Bara. Hapa kwetu umeme hukatika kazi ikiendelea, na hewa ya chumvi hula vyuma. Mashine ya kuigiza iliyo ndani ya kompyuta nyingine haina betri iliyochakaa wala waya ulioota kutu. Kwa hiyo jaribio la mwisho lifanywe juu ya kifaa chenyewe, na umeme ukatwe kwa makusudi wakati diski inaandikwa, ili ionekane kama kumbukumbu zimesalimika.

Tunatoa wito kwa wakuu wa idara na kamati za zabuni: kabla ya muhuri kugongwa, idaiwe orodha ya majaribio yaliyofaulu, yaliyoshindwa na yaliyorukwa, kila fungu mbali. Kitiwe kosa moja mbele ya kamati, tuone kama litakamatwa. Na vijana wetu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na wa Taasisi ya Karume wapewe kazi ya kuandika majaribio ya mazingira yetu, badala ya kungoja kuitwa mashine zikishakufa.

Mali ya umma ni amana. Afisa anayeipokea bila ya kuipima atambue kwamba siku itakapopotea, hataulizwa muuzaji peke yake.