Tungule za walima, msisingizie jua



Harusi ya mdogo wangu ilifanyika Kambarage, Shinyanga mjini, kwa wakwe. Sisi wa Unguja tulijipa kazi ya kachumbari na saladi. Alfajiri ya siku ya walima nikafungua mifuko: tungule zina ute, majani ya saladi yamekuwa mlenda, na harufu siielezi, huenda mtu anakula. Shangazi wa bibi harusi akasema kwa upole, "Mwanangu, hapa jua kali, nyanya hazikai." Sote tukaitikia.

Mie niliitikia huku najua ni nani aliyeziosha zote usiku, akazifunga kwenye plastiki zikiwa bado zinatiririka maji.

Vijidudu vinavyoozesha mboga na kutoa ute haviwezi kupenya ngozi nzima. Huingia kwenye jeraha: pale tungule ilipopondwa chini ya tenga, pale kucha ilipopita, au pale kikonyo kilipong'oka. Kisha huhitaji maji na joto. Mfuko uliofungwa mbichi huvipa vyote viwili, na maji ya tungule moja iliyooza huambukiza jirani zake. Ukitia tungule zenye joto la sokoni kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani husinyaa, tunda likayanyonya maji kupitia kovu la kikonyo pamoja na uchafu wake. Tunadhani tunasafisha, kumbe tunauingiza uchafu ndani.

Kwa hiyo rai yangu ni moja, na najua wakubwa zangu wa jikoni hawataipenda: tuache kuosha mboga za shughuli usiku wa kuamkia walima. Usiku ni wa kuchagua tu. Zilizopasuka na zilizobonyea ziende kwenye mchuzi usiku huohuo. Nzima zitandazwe kivulini, kavu, zisipandane. Tungule na matango yasikae kwenye friji kali, baridi ya chini ya nyuzi 10 huyaumiza, na yakitoka tu yanaoza. Karoti, kabeji na saladi ndizo zinazopenda baridi. Karoti usiziweke pamoja na ndizi mbivu, zitakuwa chungu. Kuosha ni asubuhi, kwa maji safi yanayotiririka, kisha kukata, na kachumbari isisubiri juani mpaka maharusi washibe picha.

Na lile jambo la kukata kipande chenye ukungu kwenye tungule halafu kukamulia ndimu, tuliache. Kwa karoti ngumu sawa, kata kipande kikubwa kuzunguka doa. Tungule ni laini, ukungu umeshatembea ndani usipouona. Mgeni aliyeitikia mwaliko wako ni amana, halishwi ulichokionea huruma kukitupa. Aibu ya israfu tungeiona tangu tuliponunua matenga mawili pale palipotosha moja.

Jua la Shinyanga, kwa kweli, nalionea huruma kwa kusingiziwa. Kiangazi cha kule hewa ni kavu, na hewa kavu ni neema kwa mwenye mtungi. Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliwasambazia wanakijiji wa kaskazini mwa nchi yake vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, mchanga mbichi katikati na kitambaa kibichi juu. Maji yanapokauka kupitia udongo huondoka na joto, mboga zikabaki baridi bila umeme. Mwaka 2000 alipewa tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo. Kwetu Unguja hewa imejaa unyevu, maji hayakauki haraka, kwa hiyo vyungu hivyo havitupoozi sana, na ukungu unatupenda zaidi. Wa Shinyanga, Kahama na Geita wana bahati tusiyokuwa nayo.

Ndiyo maana nasema mabibi harusi wa bara waandike vyungu viwili kwenye orodha ya vyombo, kabla ya seti ya tatu ya glasi.

Wifi yangu nilimtumia hela akanunua vyake. Juzi kanipigia: nyanya za wiki iliyopita bado nzima. Hoho tu ndizo zimekwisha, maana mdogo wangu anazitafuna akipita.