Gari likivuja maji, usingoje lichemke

Nina kovu dogo kwenye kifundo cha mkono wangu wa kulia. Wengi wanaoliona hudhani niliungua jikoni. La hasha! Kovu hilo nililipata kando ya barabara itokayo Kitale kwenda Webuye, na mkosaji hakuwa mwingine ila mimi mwenyewe.

Mambo yalikuwa hivi. Nilikuwa nimelala kwa mjomba wangu mjini Kitale pamoja na mama mzazi, ambaye alitakiwa kufika kwa daktari wa macho Bungoma saa tatu asubuhi. Alikuwa ameingoja siku hiyo kwa majuma sita. Alfajiri nilipolisogeza gari langu kuukuu, niliona kidimbwi kidogo pale lilipokuwa limeegeshwa, upana wake kama kisosi.

"Huo ni umande tu, Mjomba," nikasema.

Mjomba, ambaye aliendesha malori miaka mingi kabla ya kustaafu, alitikisa kichwa. "Mpwa wangu, tangu lini umande ukaanguka chini ya gari peke yake?"

Nikacheka. Tukaondoka.

Tulipita Kiminini salama salimini. Tulipokuwa tukikaribia Kamukuywa, mama akauliza, "Mwanangu, mbona nasikia harufu kama ya sukari inayoungua?" Nilipotupa jicho kwenye dashibodi, mshale wa joto ulikuwa umepanda hadi kwenye alama nyekundu. Mara mvuke ukaanza kufuka. Nikasimama, nikafungua boneti, nikachukua kitambaa na kuzungusha mfuniko wa rejeta. Maji ya moto yaliruka juu kama chemchemi. Uso wangu ulinusurika kwa bahati, mkono haukunusurika.

Matatu ilisimama na makanga akamwita mama apande afike Bungoma. Mama alikataa katakata kuniacha na mkono ule. Hivyo daktari akakosekana, na gari likavutwa kurudi Kitale. Jioni ile mjomba aliupata ugonjwa kwa muda wa dakika kumi: ufa usiozidi urefu wa ukucha katika mpira wa juu wa rejeta. Bei ya mpira mpya haikufikia hata nusu ya pesa tulizomlipa aliyelivuta gari.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo basi nakupa, msomaji, yale niliyofundishwa uani kwa mjomba.

Kwa nini maji hufungiwa?

Injini huchoma mafuta, na sehemu kubwa ya moto huo hugeuka kuwa joto lisilo na kazi. Pampu huzungusha maji ndani ya injini ili yalibebe joto hilo hadi kwenye rejeta, ambako upepo na feni huyapoza. Mfumo huu hufungwa kwa mfuniko wenye springi ili uwe na shinikizo, kwa sababu maji yaliyo chini ya shinikizo hayachemki upesi.

Jambo hili lina uzito zaidi kwetu sisi wa nyanda za juu. Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Kitale, ambako ni mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuria huchemka yakifika nyuzi 94 tu. Injini nyingi hufanya kazi kwenye nyuzi 90 hivi au zaidi. Mfuniko mzima huyawezesha maji ya gari kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Mfumo ukivuja, shinikizo hupotea na maji huchemka mapema. Nawe ukifungua mfuniko ungali wa moto, sehemu ya maji hayo hulipuka mara moja kuwa mvuke. Kovu langu ni shahidi.

Kwa hivyo sheria ya kwanza ni hii: zima injini, ngoja hata saa nzima, ubonyeze mpira wa juu kwa kitambaa. Ukiwa bado mgumu na wa moto, usiguse mfuniko. Weka mikono mbali na feni pia, kwani feni za umeme huweza kuzunguka zenyewe hata baada ya injini kuzimwa.

Kutafuta panapovuja

Usiku tandaza boksi la karatasi lililokunjuliwa chini ya injini. Asubuhi litakuonyesha tone limeanguka upande gani. Maji safi yasiyo na rangi wala harufu huenda yametoka kwenye kipoza hewa, na hayo si ugonjwa. Kulanti ina rangi, mara nyingi ya kijani, nyekundu au samawati, huteleza vidoleni, na nyingi huwa na harufu ya utamu.

Kisha, injini ikiwa baridi, chukua tochi. Fuata mipira yote kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ibonyeze. Mpira mzima hubonyea na kurudi. Uliochoka huwa laini kama andazi au mkavu wenye nyufa. Tazama klampu. Pale palipovuja na kukauka huacha ukoko mweupe au wa kijani. Tazama maungio ya rejeta, na chini ya pampu ya maji, ambako pana kitundu kidogo. Kitundu hicho kikidondosha maji, pampu imeisha. Angalia pia mpira wa ndani ya mfuniko wa rejeta. Ukipasuka, maji hupotea bila wewe kuona hata tone.

Usipoona kitu, jaza maji, funga mfuniko, uwashe injini na kuiacha ipate moto huku ukimulika kwa tochi. Nyufa nyingine hufunguka shinikizo linapopanda. Zulia la mbele likiwa limelowa, au vioo vikipata ukungu wenye harufu ya utamu, hita ndiyo inayovuja.

Zipo dalili tatu ambazo si za kutibiwa nyumbani. Ya kwanza ni oili iliyogeuka rangi ikafanana na chai ya maziwa. Ya pili ni mapovu yasiyokoma ndani ya rejeta injini inapounguruma. Ya tatu ni moshi mweupe mzito unaoendelea kutoka ekzosi hata injini ikiwa imepata moto. Hapo huenda gasketi ya kichwa cha injini imeungua. Usiliendeshe gari, mwite fundi.

Kurekebisha

Klampu ikilegea, ikaze kwa bisibisi, lakini usiikaze hadi ikate mpira. Mpira ukipasuka karibu na ncha, na ukiwa na urefu wa kutosha, unaweza kukata ncha hiyo na kuuvika upya hadi upate mwingine. Ukipasuka katikati, nunua mpya. Nenda dukani na ule wa zamani mkononi ili ulinganishe unene na mikunjo.

Kabla ya kuutoa, mwaga maji kwenye beseni, usiyamwage uani. Kulanti ya kawaida ni sumu, na utamu wake huwavutia watoto na mbwa. Sugua shingo ya bomba kwa msasa laini hadi kutu iishe, vika mpira mpya, kaza klampu.

Sasa jaza taratibu mchanganyiko wa kulanti na maji safi yaliyochujwa madini, nusu kwa nusu, au kama kitabu cha gari kinavyoagiza. Mfuniko ukiwa wazi na injini ikiwa baridi, washa injini na ufungue hita hadi mwisho ili hewa itoke. Mpira wa chini ukianza kupata moto, ujue thamostati imefunguka. Ongeza panapopungua, funga, na kesho yake asubuhi upime tena.

Utasikia ushauri mwingi barabarani. Mmoja atakwambia utie bizari, mwingine yai. Vitu hivyo huweza kuziba ufa kwa siku moja, kisha vikaziba na vijia vya rejeta. Mwingine atataka kutoa thamostati kabisa. Usikubali, injini isiyopata joto lake hula mafuta na kuchakaa. Tena usidhani kulanti ni ya nchi za theluji pekee. Huzuia kutu, huilinda pampu, na huchelewesha kuchemka.

Na mshale ukipanda safarini? Zima kipoza hewa, fungua hita yote hata kama mtatoka jasho, tafuta mahali salama usimame. Usimwagie maji baridi injini iliyochemka, kwani kichwa chake huweza kupasuka.

Mama alipewa siku nyingine baada ya mwezi mzima. Alfajiri hiyo nilipiga magoti na tochi, nikatazama chini ya gari. Pakavu. Tulipita Kamukuywa, tukapita Misikhu, tukakunja Webuye, tukafika Bungoma saa mbili na nusu. Daktari alisema jicho moja limezidiwa kidogo tangu siku ile tuliyoikosa, ila bado linatibika.

Mama hajawahi kunilaumu. Lakini kila tunapoingia garini, kabla hata ya kufunga mkanda, huniuliza, "Umetazama chini?"

Nawe, msomaji, umetazama? Hadi Jumapili ijayo, safari njema.