Kiingereza cha Kuanika na Kuanua

Mtoto wa Umatengoni, huko Mbinga, hahitaji mwalimu ili ajue kuwa kahawa huchumwa mtini, huokotwa ikidondoka, na baadaye huchambuliwa kutoa punje mbovu. Ni kazi tatu zenye vitenzi vitatu, na hakuna anayezichanganya. Akifika kidato cha kwanza anakuta Kiingereza kimezipa zote kitenzi kimoja, kikabadilisha kijineno cha nyuma tu: "pick" ni kuchuma, "pick up" ni kuokota, "pick out" ni kuchambua. Akikisahau kijineno hicho, amekwishataja kazi nyingine. Chukua mkulima wa Mbinga anayemwandikia mnunuzi wa nje "We pick the black beans". Alikusudia kusema kuwa punje nyeusi huzitoa. Mnunuzi anasoma kwamba huzichuma. Kazi nzuri ya mezani, ya kuinama na kuchambua punje moja moja, imegeuka kuwa kasoro ya mzigo.

Vitenzi hivi ndivyo walimu wetu huviita "phrasal verbs". Hoja yangu ni kwamba tunavifundisha vibaya. Tunaviweka kwenye orodha, kitenzi kushoto na maana kulia, mwanafunzi akariri ishirini usiku wa kuamkia mtihani na kuvisahau kesho yake jioni. Kumbe maana ya vitenzi hivi imo katika kazi inayofanywa, katika kitu kinachofanyiwa kazi hiyo, na katika mahali kitu hicho kinapokaa kwenye sentensi. Orodha haionyeshi hata kimoja kati ya hivyo.

Tatizo lina historia. Mwaka 1982 Tume ya Makweta, iliyochunguza elimu ya Tanzania, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia 1985, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 watafiti Clive Criper na William Dodd walipokichunguza Kiingereza cha shule zetu, walikuta wanafunzi wengi hawakimudu kiasi cha kuyafuata masomo yao. Kiingereza kiliendelea kutumika kufundishia hata hivyo, na tulichokipata wengi wetu ni Kiingereza cha kitabuni. Kijana aliyemaliza kidato cha nne analijua neno "extinguish", analijua na "postpone". Mwambie "put it out" au "put it off" uone atakavyosita, ilhali ni mambo yaleyale, kuzima na kuahirisha, na ndivyo wenye lugha wanavyoyasema wakiwa nyumbani kwao.

Msaada mkubwa uko kwenye Kiswahili chenyewe, nasi hatuutumii. Wingu likitanda, mama anapaza sauti: "Anueni kahawa!" Watoto wanakimbilia vichanja. Kahawa ileile asubuhi waliianika. Kiswahili kimeigeuza kazi kwa kubadilisha mwisho wa kitenzi, "anika" ikawa "anua". Kiingereza hufanya mgeuzo huo kwa maneno ya pembeni: "spread out" asubuhi, "bring in" mvua ikija. Vivyo hivyo "vaa" na "vua" ni "put on" na "take off". Mtoto anayeumudu mgeuzo huu tangu hajaanza shule hastahili kuambiwa kuwa phrasal verbs ni miujiza ya Waingereza.

Hata mahali pa kitu kwenye sentensi panaelezeka kwa njia hiyo. Tukisema "yaokote", ile "ya" inayosimamia magunia imeingia ndani ya kitenzi. Kiingereza nacho hukiingiza kiwakilishi katikati: "pick them up", kamwe si "pick up them". Gunia likitajwa kwa jina lake lina uhuru: "pick up the sack" na "pick the sack up" zote ni sawa. Vipo vitenzi visivyokubali kutenganishwa, kama "look after". Tunasema "look after him" tu. Hivyo vifundishwe peke yake, baada ya vile vya kwanza kuzoeleka, wala visirundikwe siku moja.

Yako mazoea ya Afrika Mashariki nzima ambayo sitaki tuyapigie kelele kupita kiasi. "I will pick you at the stand" inaeleweka Songea kama inavyoeleweka Nairobi na Kampala. Lakini kwenye barua ya kazi andika "pick you up", na hiyo "up" tunayoipachika kwenye "cope up with" iondoe. "Cope with" inatosha.

Kando ya Ziwa Nyasa umakini huu unabeba roho za watu. Ng'ambo ni Malawi, ambako Kiingereza ni lugha rasmi, na habari za chombo kilichopatwa na shida huvuka maji haraka. "The boat broke down" maana yake injini imekufa, watu wamo chomboni, atafutwe fundi au boti ya kuwavuta. "The boat broke up" maana yake mbao zimeachana na watu wako majini. "The boat went down to Mbamba Bay" ni safari ya kuelekea kusini; ondoa maneno matatu ya mwisho, chombo kimezama. Upepo wa mwera ukiwa umechafuka, anayeandika ujumbe wa namna hiyo aviache kabisa vitenzi hivi. Aandike "sank" kama kimezama, "engine failed" kama injini imekufa, kisha ataje idadi ya watu na mahali walipo.