Binti mwenye stara naye achanjwe

Wapo wazazi miongoni mwetu wasemao: "Binti yangu ana stara, chanjo ya saratani ya shingo ya kizazi ya nini?" Tulitazame jambo hili kwa elimu.

Allah (s.w.) ameujaalia mwili utaratibu. Seli haigawanyiki ovyo, hukaguliwa kwanza. Mmoja wa wakaguzi ni protini iitwayo p53. Ikikuta hitilafu, huisimamisha seli mpaka irekebishwe. Isiporekebishika, huiamuru ife. Virusi vya HPV, hasa aina ya 16 na 18, huiharibu protini hiyo. Mara nyingi mwili huvishinda. Vikidumu, seli mbovu huzaana bila breki, na baada ya miaka mingi huwa saratani.

Virusi hivi huambukizwa kwa kujamiiana. Binti yako anaweza kuolewa akiwa bikira, akavipata kwa mumewe wa halali. Basi chanjo si tuhuma juu yake, ni kinga. Wala haifungi kizazi, kama uvumi usemavyo.

Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mama zao nao wakapimwe: shingo ya kizazi hupakwa siki, na penye mabadiliko huwa peupe. Pakitibiwa mapema, saratani huzuilika.

Kuihifadhi nafsi ni katika makusudio ya sharia. Baba, binti ni amana. Usimnyime kinga hii.

Wabillahi tawfiq.