MAMBO YA KALE: Kuhani wa Kutu na Mlinzi wa Kilima

Yuko kijana atokaye shuleni akamcheka babu yake kwa ajili ya matambiko ya shamba. Kabla hajacheka, na asikilize habari za Roma.

Adui mkubwa wa ngano ya Warumi alikuwa kutu, ugonjwa upakao majani vumbi jekundu. Warumi waliifanya kutu kuwa mungu, wakaiita Robigo. Kila tarehe 25 Aprili kuhani wa Quirinus alitoka mjini na watu waliovaa nguo nyeupe, akachinja mbwa na kondoo. Mshairi Ovid aeleza jinsi kuhani alivyosihi: kutu iziache ngano, ikale panga na mikuki.

Huku Ufipa nako, vilima na misitu ilikuwa na mizimu yake, na kila mzimu na mlinzi wake. Chatu aliyeonekana aliheshimiwa, kwa kuwa watu walidhani ni mzimu wenyewe umejitokeza. Milanzi, karibu na Sumbawanga, ilibaki na heshima ya ibada hata baada ya Watwachi kushika utawala. Wazee hao hawakuwa wajinga. Ndio waliofukia nyasi ndani ya matuta ya mviringo, zikaoza, udongo ukapata nguvu ya kuotesha ulezi. Lakini walijua kwamba jembe halileti mvua. Mkulima wa Roma naye alijua vivyo hivyo.

Basi, Wakristo wa Roma walifanyaje? Hawakumwambia mkulima kwamba hofu yake ni upuzi. Siku ileile ya 25 Aprili walitoka kwa maandamano, wakipita daraja la Milvio, wakamwomba Mungu azilinde nafaka. Papa Gregori wa Kwanza, aliyetawala tangu mwaka 590 hata 604, aliwahimiza watu washike maandamano hayo. Yalidumu katika kalenda ya Kanisa la Roma hata mageuzi ya mwaka 1969. Mbwa na kondoo hawakuchinjwa tena. Maombi ya shamba yalibaki.

Nasi tujifunze. Mkristo hali sadaka ya mizimu, wala haogopi chatu. Lakini asipoomba kabisa, amempita babu yake kwa jambo gani? Baba mwenye nyumba, kabla ya kupanda, wakusanye watoto shambani, shika kikapu cha mbegu, mwombe Mwenye mvua. Kisha jioni mpeleke mwanao kwa babu, akamwamkie kwa adabu, na amwulize jinsi matuta yafanywavyo.