MVUA NI YA MUNGU, MTARO NI WETU

*TAARIFA YA KATIBU WA TAWI KWA WANACHAMA WOTE*
_(Mabalozi wa mashina wasomeeni wasio na simu)_

Ndugu wanachama,

Naandika usiku huu wa tarehe 1 Machi baada ya kufunga daftari la Februari. Mnajua nilisomea uhasibu ngazi ya diploma, na mhasibu halali mwezi ukiisha kabla ya kufunga hesabu. Safari hii nimefunga hesabu ya mvua.

Februari kwetu ni kiangazi. Vuli imekwisha, mahindi yanakaushwa, mashamba yanaandaliwa kungoja masika ya Machi. Ndivyo tulivyowakuta wazee wetu. Kawaida mwezi huu ukanda wa mvua unakuwa umeshuka kusini, Ruvuma na Mbeya hadi Msumbiji, na sisi tunabaki na jua na upepo wa kaskazi.

Sasa sikilizeni daftari la mwaka huu. Tarehe 1 hadi 6, jua kali. Tarehe 7 hadi 11, mvua nzuri ya kushawishi mtu ashike jembe. Tarehe 12 hadi 22, siku 11 bila tone. Tarehe 23 usiku, mvua ya upepo na radi iliyojaza mtaro wa bondeni ukatapika maji kwenye mashamba ya mashina mawili. Tarehe 24 hadi 28, mawingu na manyunyu, mahindi ya vuli yakiwa yameanikwa kwenye jua ambalo halipo.

Matokeo mnayaona. Waliopanda tarehe 9 wakidhani masika imewahi, mbegu iliota, jua likaibabua, viwavijeshi vamizi wakamalizia mashina yaliyobaki. Waliolima bondeni udongo wa juu umeondoka pamoja na mbolea. Na wale wenye mahindi ya vuli uani, ukifungua gunia unakutana na harufu ya uvundo.

*HESABU YA EKARI MOJA*

Tusizungumze kwa hisia. Hii ni ekari yangu mwenyewe. Kulima 60,000. Mbegu kilo 8 kwa 7,000 kila kilo, 56,000. Vibarua wa kupanda 30,000. Mbolea ya kupandia mfuko mmoja 70,000. Jumla 216,000. Shamba limekufa, lazima nipande upya: mbegu 56,000 na kupanda 30,000. Sasa ni 302,000, na mbolea nyingine sijanunua. Weka palizi mbili kwa 80,000, tunafika 382,000.

Nikijaliwa nikavuna gunia 8, na bei ya mavuno ikawa 50,000 kwa gunia, nitapata 400,000. Faida ni shilingi 18,000 kwa miezi minne, kabla sijanunua viroba wala kulipa wa kubeba. Mwenye ekari moja na watoto watatu shuleni, mwambie wewe kwamba kilimo ni uti wa mgongo. Uti wake umeshapinda.

*"MVUA HAINA CHAMA"*

Juzi nilipogusia jambo hili, ndugu mmoja aliniandikia hivi: "Katibu, mvua haina chama. Hayo ni mapenzi ya Mungu, usituletee uchochezi kwenye tawi." Simtaji, ananisoma sasa hivi. Namjibu mbele ya wote kwa sababu najua wenye mawazo kama yake ni wengi.

Ndugu yangu, nakubali mvua haina chama. Lakini mtaro una chama. Mtaro ule ulichimbwa kwa nguvu za wananchi, na kwenye mkutano mkuu wa kijiji wa mwaka jana tulisomewa kifungu cha shilingi 1,200,000 cha kuusafisha kabla ya mvua. Aliyesoma ni mtu wa chama chetu. Tuliompigia kura ni sisi, na waliopiga makofi ni sisi.

Sisemi pesa imeliwa. Mhasibu hasemi pesa imeliwa kabla ya kuona vocha. Ninachosema ni kwamba vocha sijaiona, na mtaro nimeuona. Umejaa magugu hadi kiunoni, na pale kwenye kalavati kuna mgomba umeota na una mkungu. Mgomba hauzai mkungu ndani ya wiki moja. Unajua mwenyewe mtaro ule umeachwa kwa muda gani.

Mungu alileta mvua ya usiku mmoja. Aliyeyapeleka maji kwenye mashamba ya wajane wa bondeni ni mtu aliyeacha mtaro bila kusafishwa, na wa pili ni mimi na wewe tuliopita pale kila siku tukinyamaza kwa sababu kiongozi ni "wetu". Kumtwika Mungu uzembe wetu ni dhambi mbili kwa mpigo.

*"NI MABADILIKO YA TABIANCHI"*

Wapo wengine, hawa ni wasomi wetu, wao wana jibu lao. Wanasema haya ni mabadiliko ya tabianchi, yameletwa na viwanda vya mataifa makubwa, kijiji kingefanya nini? Ni kweli, dunia inapata joto, na hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, ndiyo maana mvua ikija inakuja kwa kishindo. Ni kweli pia kwamba mkulima wa jembe la mkono hajachafua hewa ya mtu. Hoja hiyo wakubwa waende nayo kwenye mikutano ya dunia na waidai haki yetu bila aibu.

Lakini tabianchi imegeuzwa kichaka cha kujificha. Kama unajua mvua zitakuja kwa kishindo, basi wewe ndiye ulipaswa kusafisha mtaro mara mbili. Huwezi kusimama kwenye semina ukaeleza hali ya hewa imebadilika, halafu ukarudi kijijini ukaendesha mambo kama vile haijabadilika.

Na tuambiane ukweli, si yote ya serikali ya kijiji. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni wanachama wangapi wa tawi hili wamelima hadi maji yanapogusa kwato za ng'ombe? Nyasi na miti ya ukingo ndiyo iliyokuwa inashika udongo. Tumeing'oa, mto umepanuka, leo tunaulaumu. Kwenye orodha hiyo yumo mjumbe mmoja wa Kamati ya Tawi. Nimemfuata nyumbani kwake nikamwambia, kwa hiyo halisikii hapa kwa mara ya kwanza.

*KOSA LANGU*

Siwezi kuwanyooshea wengine kidole nikajificha. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu kwa vuli na masika, na hutoa pia taarifa za hali mbaya ya hewa za siku tano zikiwa na rangi: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Taarifa hizo zinafika kwenye simu yangu. Tarehe 22 Februari nilikuwa na onyo la mvua kubwa mkononi. Siku hiyo nilichowatumia ninyi ni picha za fulana mpya za Chama na bei zake.

Kama ningelituma lile onyo, wapo ambao wangeingiza mahindi ndani kabla ya giza. Kosa hilo ni langu na naomba radhi. Lakini radhi haikaushi mahindi, kwa hiyo kuanzia leo utaratibu unabadilika, nitaueleza chini.

*MAHINDI YENYE UVUNDO: HAPA HAKUNA SIASA*

Ndugu wanachama, hili lishikeni hata kama mengine mtayaacha. Mahindi yaliyonyeshewa yakiwekwa ghalani na unyevu huota ukungu, na ukungu ule hutoa sumukuvu. Sumukuvu haionekani kwa macho, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 wenzetu wa Dodoma na Manyara walikufa kwa sumu hiyo, na chakula chao kilikuwa ugali kama wa kwetu.

Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi ya kuhifadhi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Kipimo hatuna, lakini chumvi tunayo. Chukua chupa kavu kabisa, tia mahindi kufika theluthi yake na chumvi kavu vijiko viwili, funga, tikisa vizuri, acha robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi hayajakauka, yarudishe juani. Yaanike juu ya turubai, usiyaweke chini kwenye udongo. Yaliyobadilika rangi na kuota ukungu yachambue uyatupe. Usimpelekee mama wa pombe, wala usiwape kuku kisha ukala kuku na mayai yake.

Najua kuna mchuuzi anazunguka akinunua mahindi yaliyovunda kwa bei ya kutupa. Mnadhani anayapeleka wapi? Yatasagwa yachanganywe na mazuri, yarudi hapa hapa yakiwa unga kwenye mfuko. Mwanachama atakayemuuzia ajue anaweza kuwa anamlisha mtoto wa dada yake.

*PESA ZIPO, TUNAZIOMBEA NINI?*

Halmashauri kwa mujibu wa sheria hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Vikundi vinavyotokana na tawi letu vimeandika maombi matano. Nimeyasoma yote, matatu nimeyapiga chapa mwenyewe. Yote matano ni bodaboda. Hakuna kikundi hata kimoja kilichoomba mashine ya kupukuchua, maturubai, au banda la kukaushia ambalo wenye mahindi wangelipia kwa gunia. Tunakaa katikati ya mahindi, tunakopa ili tuwabebe watu wanaokwenda kununua mahindi kwingine.

Na ushuru wa mazao ya chakula ni asilimia 2 ya thamani. Anayepaswa kuulipa ni mnunuzi, ingawa sote tunajua anavyoukata kwenye bei ya mkulima. Ushuru huo umekusanywa getini jua likiwaka na mvua ikinyesha. Nani alisikia geti limefungwa kwa mapenzi ya Mungu? Basi kama kukusanya hakuzuiwi na hali ya hewa, kuhudumia nako kusizuiwe.

*TUNACHOKWENDA KUFANYA*

1. *Jumamosi ni mkutano mkuu wa kijiji.* Unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na kusomewa mapato na matumizi ni haki yetu, hatuombi hisani. Kila mwanachama afike saa 3 asubuhi. Tutauliza maswali matatu tu: shilingi 1,200,000 za mtaro zilitoka lini? Alilipwa nani, na vocha iko wapi? Kama hazikutoka, ziko kwenye akaunti ipi? Tutauliza kwa adabu, mmoja mmoja, na tutakaa hadi tujibiwe. Zomeazomea hapana.

2. *Jumapili baada ya ibada tunasafisha mtaro.* Majembe, mapanga na makoleo. Masika haisubiri vocha. Wa vyama vingine wanakaribishwa, maji hayakuchagua mashamba kwa kadi.

3. *Mbegu.* Asipande mtu tena kwa mvua ya siku tano. Tumemwomba afisa ugani aje Jumatano jioni atusomee utabiri wa masika wa wilaya yetu na kutushauri mbegu za muda mfupi. Mwenye ekari mbili asiweke zote kwenye mahindi, sehemu aipe mtama au kunde.

4. *Onyo la hali ya hewa.* Kuanzia leo likiingia kwenye simu yangu linatoka ndani ya nusu saa, na balozi wa shina ana saa mbili kulifikisha kwa wasio na simu. Balozi asiyeweza aseme sasa, tuchague mwingine. Na Katibu asipotuma, mnajua utaratibu wa kumwondoa.

5. *Ukingo wa mto.* Kamati ya Tawi itapima mita 60 kwa kamba, ikianza na shamba la mjumbe wake.

*MWISHO*

Wapo watakaosema Katibu amekivua Chama nguo mbele ya wapinzani. Ndugu zangu, wapinzani wana macho, mgomba wa kwenye kalavati wameuona kabla yangu. Kinachokivua Chama nguo ni mama aliyepoteza shamba kwa maji ya mtaro wetu, kisha anatuona tunapita na fulana mpya kumwomba kura. Nimekiamini Chama hiki tangu nina miaka 20, na ninaandika haya ili niendelee kuweza kumtazama mama yule usoni.

Mvua ya tarehe 23 hatukuiita na hatukuweza kuizuia. Mvua ya masika nayo inakuja, na tumebakiwa na wiki chache. Tukikuta magugu yaleyale kwenye mtaro uleule, tusimsingizie mtu mwingine yeyote.

Jumamosi saa 3. Jumapili na jembe.

Chama ni wanachama.

_Imetolewa na Katibu wa Tawi, tarehe 1 Machi. Hesabu zote zilizotajwa ziko kwenye daftari, anayetaka kuzikagua aje nyumbani, mlango uko wazi._